Barua pepe na akaunti zinakukatalia ukiwa na VPN: mwongozo kamili wa kuingia bila kujifungia nje zaidi

Ninafanya kazi za kompyuta kwenye steshenari upande wa Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Tarehe ya mwisho ya maombi ya kazi ikikaribia, mlangoni wanaingia watu wenye shida ileile: barua pepe haifunguki, na nenosiri wanalijua vizuri tu. Nikiuliza kama VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta iliyoko mahali pengine) ilikuwa imewashwa, jibu huwa ni ndiyo, au "hata sijui".

Karibu wote wanakuja wakiwa wamekwishafanya kosa moja. Wamebadilisha kila kitu kwa mpigo. VPN wameihamisha kutoka nchi moja hadi nyingine, wameazima simu ya rafiki, wamefuta kumbukumbu zote za kivinjari, wengine wameweka upya simu nzima. Akaunti iliyokuwa na shaka kidogo sasa ina hakika kwamba anayegonga mlango ni mwizi.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio nilioweka. Usiruke hata moja kwa sababu inaonekana ndogo, hasa hatua ya 3 na ya 4.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kaa navyo mezani kabla hujagusa chochote:

- Simu au kompyuta uliyokuwa ukiingilia kwenye akaunti hiyo siku zote, hata kama kioo chake kimepasuka.
- Laini ya simu iliyoandikishwa kwenye akaunti, ikiwa ndani ya simu na inapokea ujumbe.
- Bando lako mwenyewe. Usitegemee intaneti ya hotelini au ya stendi kwa kazi hii.
- Barua pepe ya pili uliyoiweka kama ya akiba, ikiwa ipo, na uwe unaweza kuifungua.
- Namba za akiba (za kuingilia pale namba ya uthibitisho isipopatikana), kama uliwahi kuzichapa au kuziandika. Google hutoa 10 kwa mkupuo, kila moja ina tarakimu 8 na hutumika mara moja tu.
- Daftari na kalamu. Utaandika saa uliyojaribu na maneno uliyoyaona kwenye skrini.
- Chaji ya kutosha. Simu ikizimika katikati ya uthibitisho, unaanza upya ukiwa na jaribio moja zaidi lililoshindwa.

Usipokuwa na laini ya zamani wala barua pepe ya akiba, endelea kusoma, ila ujue tegemeo lako kubwa litakuwa kile kifaa cha siku zote. Usikiuze wala kukifuta data.

## Hatua ya 1: Acha kujaribu

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, maana mtu ana haraka. Lakini kila jaribio linaloshindwa linaandikwa. Yakifika kadhaa, huduma nyingi hufunga mlango kwa dakika kadhaa, kisha kwa saa, na nyingine hukuzuia siku nzima.

Elewa kinachotokea upande wa pili. VPN inachukua safari zako zote za intaneti na kuzipitisha kwenye seva, yaani kompyuta ya huduma, iliyoko mahali pengine. Akaunti haioni tena anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wako kwenye intaneti) ya mtandao wako wa Tanzania. Inaona anwani ya seva ile, tuseme ya Frankfurt. Saa nne kamili asubuhi ulikuwa Dodoma, na saa nne na dakika tano uko Ujerumani. Hakuna ndege ya namna hiyo, na mfumo unajua.

Isitoshe, anwani ile ya Frankfurt hauko nayo peke yako. Wapo watu wengi sana wanaoitumia kwa wakati huohuo, na baadhi yao wanaitumia kutuma barua taka na kujaribu maneno ya siri ya wengine. Unabeba sifa mbaya ya watu usiowajua, kama abiria mwema aliyepanda daladala moja na vibaka.

Kama umekwishajaribu zaidi ya mara tano, ushauri wangu ni upumzike saa 24. Najua inauma ukiwa na tarehe ya mwisho, lakini nimeona waliopumzika wakiingia kesho yake kwa jaribio la kwanza, na waliong'ang'ania wakihangaika wiki.

Umefanikiwa ukiwa umeandika kwenye daftari saa ya jaribio la mwisho na umeiweka simu chini.

## Hatua ya 2: Soma skrini inasema nini hasa

"Imegoma" halitoshi. Maneno tofauti yana tiba tofauti, na hapa ndipo watu wanapopoteza muda mwingi.

"Nenosiri si sahihi." Hili linaweza kuwa kosa la kuandika tu. Angalia herufi kubwa na ndogo. Simu nyingi huanza sentensi kwa herufi kubwa zenyewe, na huongeza nafasi mwishoni ukichagua neno linalopendekezwa na kibodi. Gusa alama ya jicho uone ulichoandika.

"Tumegundua shughuli isiyo ya kawaida" au "Thibitisha kuwa ni wewe." Nenosiri limekubaliwa. Kinachotiliwa shaka ni mahali au kifaa. Usilibadilishe nenosiri! Tiba iko hatua ya 3 hadi ya 5.

Ukurasa mweupe wenye namba 403, au maneno ya kunyimwa ruhusa. Tovuti imeizuia anwani ya IP yenyewe, wala haijakufikia wewe na nenosiri lako. Mara nyingi ukizima VPN, inafunguka palepale.

Fumbo la picha linalojirudia bila mwisho. Unachagua picha za taa za barabarani, unapatia, linakuja la pikipiki, halafu la ngazi. Ni ishara kwamba anwani ya VPN ina sifa mbaya. Ukiona mara ya tatu, acha.

Ukurasa unazunguka tu, haufunguki. Hapo huenda VPN imeshikwa katikati: inaonekana imewashwa lakini haipitishi kitu.

Onyo kwamba muunganisho si salama au cheti (uthibitisho kwamba tovuti ni ya kweli) kina kasoro. Simama hapohapo. Usibonyeze kitufe cha kuendelea, na usiandike nenosiri. Sababu inaweza kuwa saa ya simu tu, lakini inaweza pia kuwa mtu amekaa kati yako na tovuti, na mwenye programu ya VPN ya bure ana nafasi nzuri ya kukaa hapo. Kama ulishaandika nenosiri baada ya onyo hilo, weka alama kwenye daftari. Tutalibadilisha hatua ya 8.

Umefanikiwa ukiweza kusema ujumbe wako ni upi kati ya hii. Piga picha ya skrini au unakili maneno yenyewe.

## Hatua ya 3: Zima VPN kikweli

Kubonyeza "Katisha" ndani ya programu hakutoshi kila mara. Programu nyingi hujiwasha upya zenyewe, na baadhi huacha mtandao umefungwa.

Kwenye simu ya Android, fungua Mipangilio, kisha andika VPN kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu. Njia hii inakuokoa na tofauti za menyu kati ya Tecno, Infinix na Samsung. Gusa alama ya gia kando ya jina la VPN yako. Utaona vitufe viwili: kimoja huifanya VPN iwashwe muda wote, kingine huzuia intaneti yote VPN isipokuwepo. Zima vyote viwili. Cha pili ndicho kinachowafanya watu waseme "nikizima VPN bando haliingii kabisa".

Kwenye iPhone, tafuta VPN kwenye Mipangilio vilevile, zima, kisha angalia pia sehemu ya iCloud. Ukiwa unalipia nafasi ya iCloud, kuna huduma ya Private Relay inayoficha anwani yako unapotumia Safari. Izime kwa muda.

Kwenye kompyuta, kuikatisha hakutoshi. Ifunge programu yenyewe kabisa, hadi alama yake ipotee pembeni mwa saa.

Sasa angalia VPN ambazo hukujua unazo. Kivinjari cha Opera kina VPN ndani yake. Opera Mini, ambayo wengi wetu tunaitumia ili bando lidumu, hupunguza ukubwa wa kurasa kwa kuzipitisha kwenye seva za Opera zilizoko nje, kwa hiyo tovuti inaweza kukuona kama mtu wa ughaibuni hata kama hukuwahi kusakinisha VPN maishani. Kwa kazi hii tumia Chrome, Firefox au Safari ya kawaida. Angalia pia viongezi vya Chrome (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari) kwenye kompyuta.

Jambo moja zaidi kwa wa Android: tafuta "DNS" (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP) kwenye Mipangilio. Baadhi ya maelekezo ya mitandaoni huwaambia watu waandike jina la seva kwenye DNS ya faragha. Likiwa limekosewa au seva imekufa, kurasa hazifunguki hata VPN ikiwa imezimwa. Irudishe kwenye otomatiki.

Kisha washa hali ya ndegeni, hesabu hadi 10, izime. Mtandao utajiunga upya.

Umefanikiwa ukiona mambo mawili. Alama ya ufunguo juu ya skrini imetoweka. Na ukifungua tovuti ya kuonyesha anwani yako, kwa mfano whatismyipaddress.com, inasema Tanzania. Usishtuke ikiandika Dar es Salaam na wewe uko Nkuhungu. Data ya simu mara nyingi husomeka mahali ambapo mtandao wa kampuni unatokea, si ulipokaa wewe. Nchi ndiyo muhimu.

## Hatua ya 4: Sahihisha saa

Wengi hucheka nikiwaomba nione saa ya simu. Kisha tunaikuta na tofauti.

Namba zinazotolewa na programu za uthibitisho, kama Google Authenticator, hutengenezwa kutokana na saa na hubadilika kila sekunde 30. Simu ikiwa nyuma dakika mbili tu, namba yake ni ya zamani na itakataliwa. Vyeti vya usalama vya tovuti navyo vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu ikidhani ni mwaka 2019, kila tovuti itaonekana ya hatari.

Na kuna kosa letu sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili. Simu ilizimika, ikawaka bila mtandao, mwenyewe akaipanga kwa mkono. Ni saa nne asubuhi, akaandika 4:00. Kwa simu hiyo ni saa kumi alfajiri. Tofauti ni saa sita kamili, na kila namba ya uthibitisho anayoandika inakataliwa. Saa nne asubuhi ni 10:00 kwenye simu.

Usipange kwa mkono. Ingia Mipangilio, sehemu ya tarehe na saa, washa saa otomatiki na eneo la saa otomatiki. Eneo letu ni GMT+3. Watumiaji wa VPN wakati mwingine hubadilisha eneo la saa ili lifanane na nchi ya seva. Likibaki hivyo, kifaa kinasema uko Ulaya huku intaneti ikisema uko Tanzania, na shaka inazidi.

Umefanikiwa saa ya simu ikilingana na ya simu nyingine iliyo jirani, hadi dakika.

## Hatua ya 5: Ingia kama mtu wa siku zote

Akaunti inakutambua kwa mazoea: kifaa, kivinjari, mtandao na mahali. Rudisha mengi ya hayo kadiri unavyoweza. Google yenyewe inashauri hivyo kwa wanaorejesha akaunti: tumia kifaa ulichozoea, kivinjari ulichozoea, mahali ulipozoea kuingilia, kama nyumbani au kazini.

Kwa hiyo nenda nyumbani, na usije kwangu steshenari. Nasema hivi kwa moyo mweupe ingawa ni kazi yangu. Kompyuta ya steshenari ni kifaa kigeni, mtandao wake ni mgeni, na watu kadhaa wamefungua akaunti zao hapo tangu asubuhi. Nimewahi kumwingiza dada mmoja kwenye barua pepe yake, nikasahau kwamba laptop ile ilikuwa na VPN ya mteja aliyetangulia. Akaunti ilijifunga mbele ya macho yake, siku moja kabla ya usaili. Tangu siku hiyo, anayeniletea akaunti iliyojifunga namrudisha nyumbani na maelekezo haya.

1. Fungua kivinjari kilekile ulichokuwa ukitumia. Usifungue dirisha la faragha, maana halina kumbukumbu zako za zamani.
2. Andika anwani ya tovuti kwa mkono. Usipitie kiungo ulichotumiwa WhatsApp.
3. Ingiza barua pepe na nenosiri mara moja, taratibu.
4. Ukiulizwa kuthibitisha kwenye simu, soma kifaa, nchi na saa kabla ya kukubali.

Hapo pa nne pana hatari. Ukiona taarifa ya kuingia kutoka Uholanzi, na kweli dakika hiyo ulikuwa kwenye VPN ya Uholanzi, ni wewe. Lakini watu waliozoea VPN huzoea pia kubonyeza "Ndiyo" kila wanapoona nchi ya ajabu, na siku mwizi wa kweli anapogonga wanamfungulia wenyewe. Kanuni yangu: kama sijabonyeza kitufe cha kuingia dakika hiyohiyo, jibu ni hapana.

Usifute vidakuzi vyote vya kivinjari (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha humo). Ushauri huo umeenea, lakini vidakuzi ndivyo vinavyoikumbusha tovuti kwamba kivinjari hiki ni chako. Ukivifuta vyote unajigeuza mgeni kwenye kila akaunti kwa siku moja. Tovuti moja ikishikwa, futa vya tovuti hiyo tu: gusa alama iliyo kushoto mwa anwani, fungua sehemu ya vidakuzi na data ya tovuti, futa hapo.

Umefanikiwa ukiona kikasha chako. Ukiingia, usiwashe VPN bado. Nenda hatua ya 8.

## Hatua ya 6: Namba ya uthibitisho haifiki

Ujumbe mfupi haupiti kwenye VPN. Unakuja kwa mtandao wa simu. Usipofika, sababu iko kwenye laini.

Angalia kwanza namba yenyewe. Ikiwa imeandikwa kimataifa, ni +255 kisha tarakimu tisa, bila sifuri ya mwanzo. Tazama folda ya barua taka kwenye programu ya ujumbe na orodha ya namba ulizozizuia. Kama una laini mbili, hakikisha husika imewashwa. Zima simu, iwashe.

Subiri dakika tano kabla ya kuomba namba nyingine. Ukiomba mara tatu mfululizo, zinafika tatu kwa fujo, na ya mwisho tu ndiyo inayofanya kazi.

Ikiwa laini hukuitumia muda mrefu, huenda imefungwa na namba amepewa mtu mwingine. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ikiwa bado ni yako, nenda kwenye duka la mtandao wako na kitambulisho, weka alama ya kidole, urudishiwe laini. Kama ina mtu mwingine, usimpigie kumwomba namba ya uthibitisho. Nenda hatua ya 7.

Onyo kubwa: hakuna mfanyakazi wa Google, wa benki wala wa mtandao wa simu atakayekupigia akuombe namba iliyoingia kwenye simu yako. Anayeomba ni tapeli, hata akikutajia jina lako lote. Ujumbe wa kitapeli uelekeze kwenda 15040, kisha fuata maelekezo.

## Hatua ya 7: Ikigoma kabisa, omba kurejeshewa

Kwa Google, fungua g.co/recover. Kwa huduma nyingine, tumia maneno ya "Umesahau nenosiri?" kwenye ukurasa wao halisi. Bado uko nyumbani, kifaa kilekile, VPN imezimwa.

Jibu maswali yote hata kwa kukisia. Jibu linalokaribia lina thamani kuliko kuruka. Ukiulizwa nenosiri la mwisho unalokumbuka, andika la zamani ikiwa la sasa umelisahau. Barua pepe ya mawasiliano iwe unayoweza kuifungua leo.

Namba ya akiba ukiwa nayo, huu ndio wakati wake. Ikishatumika, ikate kwa kalamu.

Huduma inaweza kukuambia usubiri saa au siku kadhaa. Subiri kweli. Kutuma ombi jipya kila baada ya saa moja hakuharakishi chochote.

Na usimlipe mtu anayedai "ana njia ya ndani". Kurejesha akaunti za Google, Microsoft au Facebook ni bure.

## Hatua ya 8: Ukishaingia, funga milango ya nyuma

Fanya haya siku hiyohiyo, VPN ikiwa bado imezimwa.

Fungua sehemu ya usalama ya akaunti (kwa Google ni myaccount.google.com) na uone orodha ya vifaa. Usichokijua, kitoe. Kumbuka kifaa chako mwenyewe kinaweza kuonyesha nchi ya VPN. Linganisha na saa ulizoandika kwenye daftari kabla ya kuogopa.

Badilisha nenosiri ikiwa uliliandika baada ya onyo la cheti, au ulikuwa ukitumia VPN ya bure uliyotumiwa kama faili nje ya Play Store au App Store. VPN ya namna hiyo iondoe kabisa kwanza, ndipo ubadilishe. Ukifanya kinyume, unamkabidhi hata nenosiri jipya.

Tengeneza namba mpya za akiba. Ziandike kwenye karatasi, kaa nayo pamoja na cheti cha kuzaliwa. Picha kwenye simu haisaidii siku simu ikiibwa.

Ongeza barua pepe ya akiba na namba unayoitumia leo. Ila usifute taarifa zote za zamani kwa mkupuo. Kwenye akaunti ya Microsoft, ukibadilisha taarifa zote za usalama kwa pamoja unawekwa kwenye kusubiri kwa siku 30. Ongeza mpya, ithibitishe, ndipo uondoe ya zamani.

Umefanikiwa ukiweza kutoka na kuingia tena bila kuulizwa la ziada.

## Hatua ya 9: Kuirudisha VPN, kama unaihitaji

Kwanza sheria, kwa sababu tuko Tanzania. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo likiwataka watu na taasisi wanaotumia VPN kutoa taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Tangazo hilo lilisimama juu ya Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, ambazo adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kama VPN ni ya ofisi, waulize watu wa TEHAMA wenu kama imetolewa taarifa. Kama ni yako binafsi, wasiliana na TCRA kabla ya kuiwasha.

Ukiwa sawa hapo, irudishe kwa taratibu hii.

Chagua seva moja na udumu nayo. Kuruka kutoka London kwenda Singapore kila siku ndiko kunakoamsha kengele. Seva ya jirani, kama Nairobi au Johannesburg ikiwa VPN yako inayo, kwa kawaida pia ina kasi kuliko ya Marekani.

Toa programu nyeti nje ya VPN. Kwenye Android, VPN nyingi zina orodha ya programu zinazoruhusiwa kupita pembeni. Weka humo barua pepe, benki, M-Pesa, Mixx by Yas na Airtel Money. Kwenye iPhone uwezo huo kwa kawaida haupo, hivyo zima VPN kabla ya kufungua hizo. Ukibanwa, menyu za *150*00#, *150*01# na *150*60# hazitumii intaneti; VPN haizigusi.

Ingia kwanza, washa baadaye. Akaunti zikiwa zimefunguka ukiwa kwenye mtandao wa kawaida, mara nyingi hubaki wazi hata VPN ikiwashwa. Kuingia upya ukiwa ndani ya VPN ndiko kunakotiliwa shaka.

Usiwashe VPN mbili. Wanaofanya kazi Mji wa Serikali kule Mtumba hulipata hili: VPN ya ofisi inataka kufungua mfumo wa ndani, na ile ya binafsi inavuta upande wake. Ya ofisi ikiwashwa, ya binafsi izimwe.

Wanaolazimika kutumia VPN kila siku wanaweza kulipia anwani yao wenyewe, isiyochangiwa na wengine. Baadhi ya kampuni huuza huduma hiyo. Inapunguza mafumbo ya picha na zile 403 kwa kiasi kikubwa, ingawa nchi bado itaonekana ya nje.

## Hatua ya 10: Barua pepe ndani ya Outlook au Thunderbird

Hii ni kwa wanaosoma barua pepe ya kazi kwa programu hizi za kompyuta. Dalili yake ni ya kipekee: barua zinaingia, za kwako hazitoki.

Kutuma kunatumia mlango (port, yaani njia ya mtandao yenye namba yake) tofauti na kupokea. VPN nyingi hufunga mlango wa 25 kwa sababu ya barua taka. Fungua mipangilio ya akaunti ndani ya programu, upande wa kutuma uweke 465 au 587 kwa usimbaji fiche, upande wa kupokea kwa IMAP (njia ya kusoma barua zilizoko kwenye seva) uwe 993.

Barua ikirudi na ujumbe kwamba anwani yako imo kwenye orodha ya kuzuiwa, ni anwani ya VPN inayosemwa. Zima VPN, tuma tena.

Kwa Gmail ndani ya programu za zamani zinazoomba nenosiri tu, nenosiri la kawaida litakataliwa hata uandike mara mia. Google ilifunga njia hiyo mwaka 2022. Washa uthibitishaji wa hatua mbili (nenosiri pamoja na uthibitisho wa pili, kama namba ya kwenye simu), kisha tengeneza nenosiri la programu, lenye herufi 16, uliweke mahali pa lile la kawaida.

Umefanikiwa ukijitumia barua kutoka kazini kwenda kwenye anwani yako binafsi ikafika kikashani, na ukiijibu kutoka huko jibu likarudi. Fanya jaribio hilo mara mbili: VPN ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Ikipita ya kwanza ikagoma ya pili, iongeze programu hiyo kwenye orodha ya zinazopita pembeni, ujaribu tena.